Sukari ya Diwani Ilipolala

Enzi zetu paka hakuwa na chakula chake. Alikuwa na kazi. Ukimkuta mchana amejinyoosha kwenye kiti, mama alimuuliza kama anavyomuuliza mfanyakazi, "Wewe, panya wamekwisha?" na paka mwenyewe akaijua njia ya mlango. Mshahara wake ulikuwa kile alichokikamata, na marupurupu yalikuwa ukoko wa ugali.

Siku hizi hapa Ruiru nawaona paka wenye majina ya Kizungu na mfuko wa chakula wenye picha yao. Binti yangu anaye mmoja. Juzi panya aliingia jikoni. Paka akaruka juu ya kochi, binti akaruka juu ya kochi, na wote wawili wakaniita mimi.

Ninyi mliokuwa wadogo miaka ile ya tisini mtanielewa. Tuliishi kwenye ploti ya wapangaji wengi yenye mfereji mmoja wa maji, na asubuhi ndoo zilipangwa foleni bila wenyewe, kila ndoo ikijulikana ni ya nani kwa mikwaruzo yake. Msimu wa kahawa upepo ulileta ile harufu chachu ya maganda kutoka mashambani, na sisi tukadhani dunia nzima inanuka hivyo. Shuleni tulipewa maziwa ya pakiti za pembe tatu. Ukishayamaliza uliijaza pakiti hewa, ukaiweka chini na kuikanyaga kwa nguvu, ikapasuka paa! Mwalimu akatoka na fimbo, akakuta watoto wote wanatazama mawingu. Jioni wasichana tuliruka bladda, ile kamba ya mpira wa kunyumbuka, mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi, na wavulana wakacheza mpira wa karatasi za plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyepiga picha. Ndiyo maana wote tunajikumbuka tukiwa na mbio sana.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa shule zikifungwa. Mama alitupeleka Thika kwa Cucu, yaani mama yake, aliyekaa upande wa mashariki, kupita Makongeni, pale lami ilipochoka na udongo mweusi ukaanza. Mvua ikinyesha udongo ule ulikuvua kiatu. Upepo ukigeuka ulileta harufu ya mananasi yanayopikwa kiwandani, tamu mpaka mtu akameza mate. Saa hatukuwa nayo. King'ora cha kiwanda kililia asubuhi na jioni, na maisha ya Cucu yalifuata king'ora hicho: kukama ng'ombe, kuweka chai, kufunga kuku.

Mimi nilipewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita Wajina. Nilikuwa mtoto wa haya sana. Mgeni akibisha, nilikuwa tayari nyuma ya mlango. Shangazi zangu walinicheka wakisema nitaolewa nikiwa nyuma ya mlango huo huo. Cucu aliwaambia, "Mwacheni Wajina. Ninyi wote mnanisaidia kupiga kelele. Huyu peke yake ananisaidia kunyamaza."

Mwingine aliyemsaidia kunyamaza alikuwa paka wake, Diwani. Alikuwa wa kijivu mwenye mistari, mzito kama gunia la viazi. Cucu alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa mnene, alikuwa na sharubu, na alionekana tu wakati wa chakula.

Sasa niwaambie kuhusu sukari. Cucu alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule wa kudungwa sindano kila siku. Chupa ndogo ya dawa aliitunza ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, chini ya kitanda, kwa kuwa friji tuliiona madukani tu. Sindano aliiita nyuki. "Huyu nyuki ataniua kabla ya sukari," alisema kila mara. Na kila mara mama yangu aliangalia pembeni. Dada mkubwa wa Cucu naye alikuwa na ugonjwa huo huo. Alichoka na sindano, akaiacha kimyakimya, na tulimzika kabla ya mahindi aliyoyapanda kukomaa. Kwa hiyo mama kila alipofika Thika, kabla hata ya kuketi, aliuliza, "Mami, umedunga?" Cucu alijibu, "Kwanza nisalimie kama mtu, halafu uniulize kama daktari."

Kliniki walimkataza sukari kwenye chai. Jambo hilo lilimuuma kuliko sindano. Mkikuyu wa umri wake kunyimwa chai tamu ni kama kufukuzwa nyumbani. Basi akatafuta njia. Kila asubuhi alichemsha chai ya maziwa, akamimina kidogo kwenye kisahani, akatia kile kijiko cha sukari ambacho yeye amekatazwa, akakoroga vizuri na kumwekea Diwani. Juu yake akavunja andazi. Kisha akaketi kwenye kigoda na kikombe chake kichungu, akamtazama paka akilamba. "Kunywa, mheshimiwa," alimwambia. "Ukinywa wewe, koo langu linapata."

Hata sisi wajukuu hatukupewa sukari nyingi hivyo.

Likizo ya Aprili, mwaka nilipokuwa darasa la tano, tulimkuta Diwani amebadilika. Kiuno kilikuwa kimeisha, mgongo umechongoka, lakini alikula kama kawaida na zaidi. Na maji! Alikunywa kwenye ndoo ya ng'ombe, akanywa kwenye beseni la vyombo, akanywa hata matone ya mfereji huku ameinua kichwa kama kuku. Alipotembea, miguu ya nyuma ilishuka chini, kama mzee aliyevaa viatu vikubwa. Jirani wakasema ni minyoo. Wengine wakasema amelishwa sumu. Cucu alikuwa anatazama ukutani nyuma ya nyumba, mahali Diwani alipokojoa. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari wakielekea hapo, wengi, kama watu wanaokwenda harusini.

"Wajina, njoo uone," aliniita. "Sisimizi wakija hivi kwenye mkojo, wamesikia utamu. Kwangu walikuja hivi hivi kabla sijaenda kliniki."

Akashika mdomo. "Haiya! Nimempa ugonjwa wangu na kijiko."

Wiki hiyo daktari wa mifugo alikuja kumwona ng'ombe. Alikuwa kijana mrefu mwenye gambuti, mtu wa upande wa Busia, kwa hiyo yeye na Cucu walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akija na Kiswahili cha kwao, na cha Cucu kiliigeuza l kuwa r. Alipomaliza na ng'ombe Cucu akamwambia, "Daktari, sasa uangarie Diwani. Ana sukari."

Daktari akavua kofia. "Pole sana, mama. Yuko hospitali gani?"

"Yuko juu ya kuni."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Lakini alipomshika paka, akamvuta ngozi ya mgongo na kumnusa mdomo, kicheko kikapungua. Akasema paka huugua sukari kweli, hasa wanene wanaolishwa vyakula vya wanga, ila katika kazi yake hajawahi kuitwa kumtibu hata mmoja, maana hapa kwetu paka akiugua hutafutwa mwingine. Akataka mkojo wa kupima. Cucu alikuwa na vijiti vya kliniki, vile vinavyobadilika rangi ukivichovya kwenye mkojo. Tatizo lilikuwa mkojo wenyewe.

Mnaojua paka mnajua heshima zao. Hakojoi mbele ya watu. Tuligawanywa kama askari. Binamu zangu walikaa nyuma ya zizi, mimi nikakaa karibu na majivu nikiwa na kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Diwani alitoka, akaanza kuchimba, akatuona, akafukia shimo tupu na kuondoka. Akaenda kwenye migomba, tukahama naye. Akarudi kwenye majivu, tukarudi. Daktari alikunywa chai mpaka birika likaisha. Mwishowe paka alichoka na aibu, akachuchumaa mbele yangu, nikasukuma kifuniko chini ya mkia wake, nikapata kidogo. Nilishangiliwa kama mwanariadha. Kijiti kilipochovywa kikawa na ile rangi nzito ambayo Cucu aliijua kutoka kwenye vijiti vyake mwenyewe.

Daktari akatoa masharti. Hakuna chai, hakuna mandazi, hakuna ugali. Nyama tu, mapafu, na omena, wale dagaa wa ziwani, waliooshwa mpaka chumvi ikatoka. Halafu akasema kuna sindano, dawa ile ile ya Cucu, lakini kiasi kidogo mno, na akamfundisha kuivuta mpaka alama aliyoichora kwa wino kwenye bomba. Sindano inaingia kwenye ngozi ya nyuma ya shingo, asubuhi na jioni, baada ya paka kula.

"Nimdunge mimi?" Cucu akauliza.

"Ni wewe unayejua, mama."

Hapo ndipo maajabu yalipoanza. Cucu, aliyehitaji kubembelezwa kwa nyuki wake, akawa wa kwanza kuamka. King'ora kikilia tu, alimwekea Diwani mapafu, na paka akiwa bado ameinamisha kichwa anatafuna, tayari amedungwa. Hata hakugeuka. Kisha Cucu akajidunga yeye pajani, akasema, "Kama mheshimiwa hakulia, mimi nilie nini?" Mama alipokuja kutuchukua alisimama mlangoni akaona hayo, akarudi nje kufuta macho kwa leso. Ile safari hakuuliza kama Cucu amedunga.

Nyama ililetwa na Mzee Ramadhani mwenye bucha Makongeni, mtu wa kanzu na utani. Watu wake wanawaheshimu paka, kwa hiyo hakucheka kama wengine. Aliweka mapafu kwenye gazeti na kuita kwa sauti foleni nzima isikie, "Ya Diwani hii! Msiguse! Daktari amemkataza ugali kwa sababu ya sukari!" Wanawake wa kanisa la Cucu walikuwa kwenye foleni hiyo, nao hawakujua habari za paka. Waliporudi walisema diwani wetu ana sukari, anakula mapafu tu. Jumapili akaombewa kwa jina. Jumapili nyingine akaombewa kwa kufunga. Kisha siku ya harambee diwani mwenyewe akaingia kanisani, tumbo mbele, mzima kabisa, na kanisa lote likasimama likilia na kumshukuru Mungu. Maskini akadhani wanampenda.

Cucu alikuwa benchi la mbele, kitambaa mdomoni, mabega yakitikisika. Aliyekuwa karibu naye alimpapasa mgongo akimwambia, "Lia tu, mama, lia."

Likizo ya Agosti tulimkuta Diwani mpya. Manyoya yalimeremeta, miguu ya nyuma ilikuwa imesimama, na alikuwa amepanda juu ya paa kufukuza njiwa. Daktari alikuja na vijiti vyake, tukacheza tena mchezo wa kifuniko, na kijiti hakikubadilika rangi. Akakaa siku kadhaa anarudi, anapima; hakuna sukari. Akasema sindano isimamishwe, maana paka asiye na sukari akidungwa anaweza kuanguka na kufa. Nilikuwa hapo, nyuma ya mlango wangu, na maneno yao nayakumbuka vizuri.

"Mama, umefanya kazi nzuri. Kwa paka hutokea hivi, akishikwa mapema na kulishwa nyama. Sukari yake imelala."

"Imerara?"

"Ndiyo, imelala. Lakini endelea na nyama, na umwangalie."

"Imerara," Cucu akarudia, uso unang'aa. "Mungu ni mkubwa."

Daktari akapanda pikipiki yake, ameridhika. Cucu naye akabaki ameridhika. Sisi wote tukaona wameelewana.

Desemba mama alitupeleka Thika mapema, kwa ajili ya Krismasi. Cucu alitupokea getini na mara moja nikaona nguo inamning'inia. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Alikuwa na kikombe kikubwa cha maji mkononi, na tulipokuwa bado tunasalimiana akakimalizia, akaniomba nimjazie tena. Chooni alikwenda kabla hatujaingia ndani, na tulipoingia akaenda tena.

"Mami, umedunga?" mama akauliza.

"Ni jua tu. Desemba hii jua ni kali."

Mama hakubishana. Alipiga magoti kando ya kitanda akavuta kile chungu. Mchanga ulikuwa umekauka, wa kumiminika. Chupa ilikuwa ndani, na kifuniko chake cha bati hakijawahi kuguswa. Mama aliketi sakafuni akiwa ameishika chupa ile kwa mikono miwili. Nilijua anaona nini. Alikuwa anaona mahindi ya mama yake mkubwa.

"Umeacha tangu lini?"

"Tangu Diwani aache," Cucu akasema, kama mtu anayesema jambo la kawaida. "Usinitazame hivyo. Tumeugua pamoja, tumedungwa pamoja, chupa moja. Yake imekwenda. Yangu ingebaki inafanya nini peke yake?"

Mama alimwambia kwamba mtu si paka. Alimtajia dada yake kwa jina, jambo ambalo halikufanywa nyumbani mwetu. Cucu akafunga uso. Akasema daktari mwenyewe ndiye aliyetamka, na daktari alisoma. Mama akaniambia nikimbie kwa jirani mwenye simu apigiwe daktari yule, kwa kisingizio kwamba ng'ombe hali. Nikakimbia, na jirani akanisemea.

Daktari alipofika Diwani alikuwa amelala kando ya beseni la maji. Nasema kando, lakini kidevu kilikuwa juu ya ukingo kabisa, ili asipate taabu ya kutembea. Sisi kwa wasiwasi juu ya Cucu hatukuwa tumemwangalia paka. Daktari hakuuliza kuhusu ng'ombe. Alimtazama paka, akamtazama Cucu na kikombe chake, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kumbe imeamka," akasema.

"Nani ameamka?" Cucu akauliza.

"Sukari ya Diwani. Si nilikwambia imelala?"

"Uriniambia imerara. Ikarara, asubuhi ikaenda kwao."

"Kwao wapi, mama?"

"Nitajuaje? Si mimi niriyeireta."

Daktari akakunja uso. Akamgeukia mama yangu. Na mama, aliyekuwa hajala tangu asubuhi, aliyekuwa na chupa bado mkononi, akaanza kucheka. Alicheka akilia. Akasema, "Daktari, hamkuelewana. Wewe umesema kulala usingizi. Kwetu hilo ni neno jingine. Kurara kwetu ni kukaa usiku kwa watu, kama mgeni. Na mgeni akirara, asubuhi anapewa chai na kwenda zake. Huyu amekusikia ukisema sukari ilikuwa mgeni."

Ng'ombe alilia zizini. Daktari akavua kofia yake, akajipiga nayo gotini.

"Mama," akasema polepole, "sikusema imelala kama mgeni. Nilisema imelala kama mbwa mlangoni. Ukimsikia amenyamaza usidhani ameondoka. Ya paka hulala, na ikilala tunaiacha. Yako wewe hailali hata kidogo. Yako inashikwa mnyororo kila siku, na mnyororo ni sindano. Uliuachia."

Cucu aliinamisha macho. Aliwatazama sisimizi waliokuwa wamerudi ukutani, mstari wao ule ule. Kisha akatazama mahali pengine ukutani, karibu na choo, ambapo sisi hatukuwa tumepaona. Huko nako kulikuwa na mstari.

"Kwa hivyo iko ndani," akasema. "Wakati wote huu nimempikia mgeni chakura, na mgeni hajawahi kuondoka."

"Iko, mama."

"Na nikiishika, nitaona Wajina akimariza shure?"

Daktari alitaka kujibu, mama akamtangulia. "Ukiishika, utamwona hata akizaa."

"Nyuma ya mlango," Cucu akasema, na hata yeye akacheka kidogo.

Akanyoosha mkono kwa ajili ya chupa. Lakini mama aliposhika sindano, Cucu akakataa. "Hapana. Kwanza mheshimiwa. Mimi sitaanza mbele ya kiongozi." Basi mapafu yakatafutwa kwa haraka, Diwani akawekewa sahani, akadungwa akitafuna, bila kugeuka. Ndipo Cucu akapandisha nguo hadi pajani, akafumba macho na kusema, "Njoo, nyuki."

Kesho yake mama alimpeleka hospitali, akalazwa, na sukari yake ikaanza kushuka. Krismasi ile tuliila wodini, chapati kwenye beseni lililofunikwa kwa taulo, Cucu akihesabiwa kipande chake na kuwalalamikia wauguzi kwamba nyumbani kuna paka anakula nyama kuliko yeye.

Sukari ya Diwani ililala tena mwaka uliofuata, ikaamka, na mara ya mwisho haikulala. Aliishi vizuri kwa paka. Tulimzika chini ya migomba, na Mzee Ramadhani akatuma mapafu ya mwisho bila kujua. Cucu aliniangalia nikimaliza darasa la nane, akaniona nikiolewa, akambeba binti yangu wa kwanza na kumwita mtu wake. Na kila siku ya miaka hiyo, king'ora kikilia, alijidunga. Wajukuu waliokuwapo hawakugusa chai kabla yake. Hakuna aliyetuamuru. Ilikuwa ni adabu tu, kama kutoanza kula kabla ya sala. Na chai yenyewe ilikuwa haina sukari, kwa sababu Cucu alisema nyumba moja haiwezi kuwa na vikombe vya aina mbili. Tulikunja nyuso, tukanywa.

Sasa mama yangu naye ana ugonjwa wa sukari, hapa Ruiru. Dawa yake inakaa kwenye friji, kwenye kopo lake lenye jina lake. Sindano ni kama kalamu, haiumi, hata hajui imeingia. Ana kijimashine kinachompa nambari, na binti yangu anazitazama nambari hizo kwenye simu akiwa chumba kingine. Yote ni bora kuliko chungu cha mchanga, na mimi namshukuru Mungu. Ila mama hujidunga chumbani, mlango umefungwa, dakika moja imekwisha, na akitoka anatukuta tunakula, kila mtu na sahani yake na simu yake. Tuna vikombe vya aina nne. Hakuna anayejua kama nyuki ameuma leo au hapana, na mtu akitaka kujua, anauliza simu.

Jumapili iliyopita niliwaambia watoto wasianze. Walinitazama kama nimeomba figo. "Lakini chai itapoa, Mami." Nikasema ipoe. Nikaenda kumbishia mama mlango. Akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, tunakusubiri. Alitoka na ile kalamu mkononi, akaona meza nzima inamsubiri, vikombe vimejaa, hakuna aliyegusa. Kisha akavuta kiti, akaketi katikati yetu, akapandisha ukingo wa blauzi.

"Haya," akasema. "Nani atanishikia chai?"